Samaki wa Bwana Povu Walipohamia Gerezani

Vijana wangu wa matangi,

Mlipokuja kwangu Mtanda juzi kunijulia hali, mkanikuta nimekaa barazani sina kazi ila kugombana na kuku wa jirani, mliniuliza jambo kabla kahawa haijapoa. Mnataka kuwahamishia samaki kwenye tangi kubwa, na hamjui wakae wapi siku zile ambazo tangi la zamani limeshavunjwa na jipya bado halijaiva. Nikacheka, mkatazamana. Sikuwa nawacheka ninyi, au tuseme sikuwacheka sana. Nilikumbuka kwamba jambo hilo hilo liliwahi kumweka mtu karibu na kitanzi, na mtu huyo ndiye aliyenifundisha kazi.

Basi nimechukua kalamu, maana mstaafu ana saa nyingi kuliko maneno ya mkewe yanavyoweza kuzijaza. Habari za mshahara na za nani alifanywa mnyapara sitaandika. Waliopandishwa wanajijua, na walioachwa wameshalalamika vya kutosha. Nitaandika ya kazi.

Nilianzia Kilwa Kivinje, zama za Mdachi. Nilikuwa mchukuzi wa forodhani, mtu wa mabega mapana, na akili yangu kubwa ilikuwa kutambua mzigo mzito kabla ya kuugusa ili nijifanye nafunga kamba ya kiatu, ingawa viatu sikuwa navyo. Mkuu wa forodha alikuwa Mdachi mrefu mwenye ndevu nyekundu. Siku moja stima ilimletea kutoka kwao kasha la kioo lenye pembe za shaba, limefungwa kwa majani makavu kama mayai. Akatoka barazani akauliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nani anajua samaki?" Wenzangu wakatazama chini. Mimi nikasema najua. Nilidhani anataka wa kununua, na anayetumwa kununua huwa anabakiwa na kitu.

Kumbe alitaka samaki hai, wakae mle kiooni, yeye awatazame. Nilimletea changu na chafi niliowatoa kwenye dema, mtego wa samaki wa jamaa yangu, nikawatia kwenye ndoo ya maji niliyoyachota pale pale ufukweni, nikawamimina kashani kama mtu anayemwaga mchele sufuriani. Bwana akavuta kiti akakaa mbele yao akitabasamu. Asubuhi yake wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Feruzi, mpishi wake, mtu wa Lindi aliyeamini kwamba samaki anayelishwa badala ya kulisha ni kinyume cha maumbile, aliwachukua akawanusa, akawarudisha kwa huzuni. Hata yeye hakuwataka.

Mara ya pili nilikuwa napanda kutoka ufukweni na ndoo yangu, nikakutana na mama mmoja mtu mzima, kikapu cha pweza kichwani, kaniki imefungwa kifuani. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Unawapeleka wapi hao maiti?"

"Si maiti, Bi. Ni wa Bwana wa forodha."

"Watakuwa maiti kabla hujafika kwa huyo Bwana. Maji hayo umeyachota wapi?"

"Hapa hapa."

"Hapa hapa ndipo mji mzima unapokuja alfajiri kujisaidia, mwanangu. Wewe ungelala humo?"

Huyo ndiye Bi Somoe. Alizaliwa Kipatimu, kwenye milima ya Umatumbi, akaolewa pwani akiwa msichana, akafiwa na mume, akabaki na kiko mdomoni na fimbo ya kuchokolea pweza mkononi. Kwa nini aliamua kunifundisha sijui mpaka leo. Nilimuuliza mara moja, akasema alichoka kuona ujinga ukipita mbele ya nyumba yake kila siku na ndoo.

Aliyonifundisha ndiyo ninayowafundisha ninyi mkapiga miayo. Maji ya samaki huchotwa bahari ikijaa, siku za bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, zikiwezekana, na huchotwa nje kwenye mkondo, si kwenye matope ya mikoko. Mkono mkavu haumgusi samaki, wala mkono wenye mafuta ya nazi, wala wenye sabuni. Siku ya kuhama samaki halishwi, kwa sababu mwenye njaa huchafua maji kidogo. Chombo kikiwa kipya, kioshwe na kulowekwa kwanza. Na mtungi mmoja usitiwe samaki wengi kwa uvivu wa kubeba mitungi miwili. Alisema samaki hafi kwa kukosa bahari, hufa kwa mkojo wake mwenyewe. Nilipomweleza Bwana maneno hayo alitaka nirudie, akayakubali.

Zana zetu zilikuwa hizi: mitungi ya udongo yenye mdomo mpana, kata ya kifuu yenye mpini mrefu, kimia cha nyuzi laini, na vipande vya kaniki vya kufunika midomo ya mitungi, maana samaki akiwa mahali pageni huruka. Mchana wa joto kali tulichota maji kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu, polepole, ili yapate hewa. Bwana alipoona hayo akanunua mivukuto kwa mhunzi, akaichomeka mwanzi, akawa anawapulizia samaki mwenyewe kila jioni, akivuja jasho, povu limejaa kasha zima. Tangu hapo mji mzima ukamwita Bwana Povu. Alidhani ni cheo.

Kwa mwendo huo samaki wakaishi. Tulikuwa na vitatange wawili waliochukiana, bunju mmoja mwenye macho ya mtu aliyefiwa, mkunga, samaki mrefu kama nyoka na mwenye meno, aliyekaa ndani ya chungu kilichovunjika akitoa kichwa tu kama mwenye nyumba anayedaiwa kodi, na chewa. Huyo chewa alikuja mdogo kama kidole gumba. Bi Somoe alinionya kwamba chewa hafugwi na wadogo zake. Bwana akasema wataelewana. Walielewana sana, kwa sababu kila baada ya muda mmoja wa wale wadogo alikuwa hayupo, na chewa alikuwa amenenepa. Mwishowe akawa mrefu kama mkono kuanzia kiwiko, akigeuka kashani mkia unagonga kioo huku na pua inagonga kule.

Ndipo Bwana Povu alipoamua kujenga birika kubwa. Alimwita Fundi Bakari, mwashi wa pale pale Kivinje, alijenge kwa mawe na chokaa barazani, mahali lilipokuwa kasha, kwa sababu ndipo penye kivuli kutwa na ndipo kiti chake kilipozoea kukaa. Upande wa mbele uliachwa kwa ajili ya kioo kimoja kipana, na kwa wakati ule Fundi akauziba kwa mbao na lami. Kasha la zamani likavunjwa ili shaba yake ikashike kioo kipya. Bwana akapanda stima kwenda Dar es Salaam kukichukua kioo chenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine na kitu chembamba. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Samaki wangu, wote, hai." Nikasema ndiyo Bwana.

Hapa sasa ndipo penye swali lenu. Chokaa mbichi inaunguza. Maji ukiyatia kwenye birika jipya huwa kama tui, na samaki ukimtia humo magamba yanamtoka. Dawa yake ni subira tu: unajaza maji ya bahari, unayaacha, unayamwaga, unajaza tena, mpaka siku utakapomweka konokono wa baharini ukutani naye atembee badala ya kujifungia ndani. Ninyi mna saruji siku hizi na mnaisifu, lakini saruji na chokaa ni watoto wa baba mmoja. Kwa hiyo samaki walihitaji pa kukaa, na tukawapeleka uani kwa Bi Somoe, chini ya banda la makuti. Wadogo wakakaa mitungini na mawe yao waliyoyazoea, na chewa akapewa hori zima, yaani kile kihori alichotumia marehemu mume wa Bi Somoe kuvulia. Asubuhi na jioni nilikuwa nabeba maji kutoka mkondoni.

Shida ilikuwa Feruzi. Bwana hayupo, jiko limepoa, na kila siku mpishi yule alikuja uani eti kuwasalimu samaki. Alikuwa akisimama juu ya hori na kumtazama chewa kwa namna ambayo mwanamume huposa. Siku moja tulimkuta na ndimu mfukoni.

Bi Somoe hakumgombeza. Aliingia ndani akatoka na vitambaa vyeusi, makombe na vijiti alivyovichonga, akavifunga kwenye shingo ya kila mtungi na kwenye ncha za hori. Aliweka kago. Ninyi wa mjini huenda mnacheka, lakini wazazi wenu wanajua: shamba lililowekwa kago haliibiwi, kwa sababu mwizi akishika muhogo mkono unamnasia pale pale mpaka mwenye shamba aje. Hivyo ndivyo watu walivyolinda mihogo yao kutoka Miteja mpaka Lindi, na kila mtu aliheshimu.

"Maji haya yana mwenyewe," Bi Somoe alimwambia Feruzi. "Atakayetia mkono humo, shauri yake."

"Hata nikitia kijiko?" Feruzi akauliza.

"Kijiko unakishika kwa nini, si kwa mkono?"

Feruzi akaondoka, na chewa akalala salama. Lakini mpishi yule hakuweza kunyamaza. Sokoni alieleza kila muuza dagaa kwamba kwa Bi Somoe kuna maji yenye nguvu, yamefunikwa kaniki, hayaguswi, yanachotwa alfajiri na kuletwa kimya kimya. Hakuwa na ubaya. Alikuwa anajisifu tu kwamba ameyaona.

Wiki zile zile ndipo habari ziliposhuka kutoka Umatumbi. Watu wameng'oa pamba ya serikali. Wamechoka kulimishwa. Wamepewa maji, wamekunywa na kunyunyiziwa, na risasi ya Mdachi sasa itageuka maji. Mwanzoni tuliyasikia kama mtu anavyosikia ngoma ya kijiji cha pili. Halafu askari wakaanza kupita na bunduki, kisha majeruhi, kisha watu waliofungwa kamba shingoni. Bomani akaja Luteni mgeni, kijana, asiyemjua mtu wala kitu pale Kivinje, na akaamrisha kila mwenye maji ya dawa akamatwe. Mbele ya boma walisimamisha miti miwili na boriti juu yake. Sote tulijua ni ya nini, na tulipita tukiangalia upande wa pili.

Walikuja uani kwa Bi Somoe asubuhi, shaushi na askari wake. Mimi nilikuwa namimina maji kwa kata. Shaushi akatazama mitungi, kaniki, makombe, vijiti.

"Maji haya ya nani?"

Bi Somoe alikuwa anasuka ukili. Hakusimama. "Ya samaki."

"Samaki gani wanafungiwa dawa shingoni?"

"Samaki wenye jirani mwizi."

Shaushi hakucheka. Akafungua kaniki ya mtungi uliokuwa karibu, akatia mkono kuthibitisha. Ulikuwa mtungi wa mkunga. Alipoutoa mkono kidole kilikuwa kinavuja damu, naye alikuwa ametamka maneno ya lugha ya mama yake. Askari wote wakarudi nyuma. Nilitaka kucheka, lakini nilipoona uso wa shaushi hamu ikaniisha. Kwake yeye jambo lilikuwa limeshathibitika. Akaamuru Bi Somoe afungwe mikono na mitungi ibebwe mpaka bomani, na chewa akatolewa horini akatiwa kwenye mtungi mkubwa kuliko yote. Nikafuata nyuma. Niliogopa kuliko nilivyopata kuogopa, maana niliona wazi kwamba mama huyu atanyongwa kwa ajili ya samaki wa mtu mwingine.

Luteni alisikiliza kupitia kwa mkalimani. Alisema samaki si hoja, mganga yeyote anaweza kutupa samaki mtungini. Nikamwomba ajionee mwenyewe, akafungua mtungi mmoja, safari hii kwa ncha ya kalamu. Alikuwa bunju. Akaguswa, akavimba mpaka akajaa mdomo wa mtungi, miiba imesimama, akimtazama Luteni kwa yale macho yake ya msiba. Kijana wa watu akasahau cheo, akainama, akatazama kwa muda. Alipojiinua alisema: kama ni kweli hawa ni wa mkuu wa forodha, yeye mwenyewe akirudi atawatambua. Mpaka hapo wakae bomani, na mwanamke akae bomani. Wakifa, basi hana shahidi.

Mmeona mambo yalivyokaa. Uhai wa Bi Somoe ulikuwa umetiwa kwenye mitungi ile pamoja na samaki. Na wakati huo Luteni alikuwa amesharudi kwenye karatasi zake, na mitungi imepangwa juani katikati ya uwanja.

Bi Somoe ndiye aliyesema na mkalimani. Hakuomba maji, wala kuomba afunguliwe kamba. "Mwambie jua hili litamuua shahidi wake kabla ya adhuhuri. Awatie na mimi ndani, kuna ubaridi." Mkalimani akatafsiri. Luteni akapunga mkono, na mitungi yote ikaingizwa gerezani, kwenye chumba cha mawe chenye tundu dogo juu. Nimefanya kazi hii umri wangu wote, nimeona matangi ya kila aina, na naapa sijapata kuona mahali pazuri pa kuhifadhi samaki wa muda kama gereza la Kilwa Kivinje. Giza, ubaridi, kimya. Kwa binadamu lilikuwa baya sana.

Maji ya kubadilisha ndiyo yalikuwa kazi. Siku zile ukikutwa njiani na chombo cha maji ulikuwa na maelezo marefu ya kutoa. Kwa hiyo Luteni aliamuru shaushi anisindikize mpaka mkondoni na bunduki, kidole kimefungwa kitambaa. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu akinielekezea mtutu huku nachota. Siku ya pili akaniuliza kwa nini nisichote pale karibu. Nikamweleza habari ya mji mzima na alfajiri. Siku iliyofuata, maji yalipokuwa yanakupwa haraka na mimi niko peke yangu, akaning'iniza bunduki shingoni mwake akashika mtungi mwenyewe. Baada ya hapo askari wengine wakaja kumsaidia. Nawaambia kweli, askari wa Kaisari walipanga mstari kutoka ufukweni mpaka bomani wakipokezana maji ya bahari, na mmoja wao alinigombeza nilipotia mkono wenye mafuta ya nazi.

Ndani Bi Somoe alikuwa na kata yake. Kutwa alichota na kumimina, mtungi huu, kisha ule, na sauti ya maji ikajaa chumba. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na wanaume wa milimani wamefungwa humo, na alisema nao Kimatumbi, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema pwani. Kijana mmoja wa Kipatimu alimpokea kata alipochoka. Alimuuliza maji yale yanazuia nini. Bi Somoe akamjibu yanazuia samaki wasife, basi. Kijana akacheka kidogo, akasema yeye alipewa mengine. Asubuhi moja nilipoingia na maji mapya yeye hakuwapo, na kata ilikuwa mkononi mwa Bi Somoe tena.

"Amekwenda wapi?" niliuliza, kwa upumbavu.

"Mmwagie huyu bunju kwanza," akasema, hakunitazama. "Kisha nenda."

Nililia nilipofika nje. Shaushi aliniona akajifanya anakagua bunduki.

Bwana Povu alirudi na stima ya kutoka Dar es Salaam, amekikumbatia kile kioo kilichoviringishiwa blanketi. Alipoambiwa samaki wake wako gerezani alikiacha kioo mikononi mwa baharia na kukimbia, jambo ambalo Wadachi hawalifanyi mbele ya watu. Alipiga magoti mbele ya mitungi mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa chewa alisema naye kwa Kidachi, na sauti ilikuwa ya baba. Wote walikuwa hai.

Halafu, haki yake nimpe, alimwambia Luteni kwamba anamjua mwanamke huyu, ndiye mwenye kumtunzia samaki. Luteni akamjibu kwa adabu kwamba samaki ni wake, awachukue leo hii. Ila vijiti, makombe na kaniki si samaki. Mwanamke anatoka Kipatimu, amefunga dawa juu ya maji, na kesho yeye Luteni anapanda milimani. Shauri la mwanamke lingoje mpaka arudi. Bwana Povu akafungua mdomo, akamtazama chewa, akaufunga. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa na urefu wa kasha lake. Alisema ahsante, akaenda kukitazama kioo kama hakijapasuka.

Nilisimama pale mlangoni na moyo umekuwa mzito kama jiwe la dema. Wale wa milimani mashauri yao nayo yalikuwa yakingoja, na tuliona yalivyokuwa yakiisha. Bi Somoe aliyasikia yote, mkalimani aliyatamka mbele yake. Alianza kufunga kaniki kwenye midomo ya mitungi, taratibu, kama siku yoyote ya kuhama.

"Nenda nyumbani kwa Bwana," aliniambia. "Weka hori barazani, lijaze. Nitakutolea mmoja mmoja."

Nikaenda. Hori lilipojaa askari wakaanza kufika. Wawili walimleta chewa kwa mti begani, wakifuatwa na wenye mitungi midogo, na nilipokea kila mmoja kwa mkono uliolowa, chewa na mkunga na chungu chake nikawashusha horini, wengine wakabaki mitungini. Birika lilikuwa bado linatoa chokaa, konokono alikuwa amejifungia, kwa hiyo wote walirudi kwenye maskani ya muda. Feruzi alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, hatia imemjaa usoni. Hakuwa na ndimu.

Yaliyotokea kule bomani alinisimulia shaushi mwenyewe baadaye. Alisema mitungi ilipokwisha, mama yule alitoka mlangoni na mtungi wa mwisho kichwani, umefunikwa kaniki, kijiti cha kago bado kinaning'inia. Shaushi akamuuliza anakwenda wapi. Akajibu, "Huyu ni mkunga. Amenizoea mimi tu. Kama unataka kumbeba wewe, haya, mpokee." Shaushi akautazama mtungi, akakitazama kidole chake. Akafungua geti. Mlinzi wa nje akaona geti limefunguliwa na shaushi, akasimama wima. Bi Somoe akapita katikati yao, akapita ile miti miwili na boriti yake, akashuka na njia ya forodhani kwa mwendo wa mtu aliyebeba kitu kisichotaka kutikiswa.

Msiniulize nani aliamuru afunguliwe. Hakuna aliyeamuru mpaka leo. Luteni alipanda milimani kesho yake, na aliporudi, mwembamba na mgonjwa, alikuwa na vita kubwa kuliko mwanamke mmoja. Bwana Povu alimwona Bi Somoe barazani kwake kila asubuhi akiloweka birika, na hakushangaa, maana samaki walikuwa wanaendelea vizuri.

Lakini siku ile alipofika barazani mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilidhani wamemwachia. Niliupokea mtungi kichwani kwake, nikautua, nikalowesha mkono wangu kama alivyonifundisha, nikafungua kaniki. Feruzi naye akasogea kuchungulia. Nilitazama, nikatia mkono mpaka chini, nikauzungusha.

"Mkunga yuko wapi?"

"Umempokea zamani. Si yule pale, kwenye chungu chake?"

Kweli, alikuwa horini, kichwa nje.

"Na humu mna nini, Bi?"

"Maji," akasema.

Feruzi akarudi nyuma mpaka ukutani. Mimi nilibaki nimekishika kile kipande cha kaniki, nikamtazama Bi Somoe. Akakaa chini kwenye sakafu ya Bwana, mikono akaibana kwapani kama mtu mwenye homa. Alitazama upande wa boma kwa muda mrefu. Nilijua anamfikiria yule kijana wa Kipatimu, kwa sababu hata mimi nilikuwa namfikiria yeye.

"Niyamwage?" nilimuuliza, kwa kukosa la kusema.

"Ukayamwage kwa nini?" akasema. "Ni maji mazuri, ya bamvua. Mwongezee chewa."